Unga Mweusi Ulioupaka Ubaoni

Mama yangu uliyelala Mwakitolyo,

Barua hii itasomwa na wengi kabla ya kukufikia wewe, kama itakufikia. Wanaonifahamu chuoni watashangaa. Wamezoea kuniona nimesimama juu ya meza ya bwalo nikidai ada ipunguzwe, ardhi irudishwe, maji yapimwe. Hawajazoea kuniona nikimwandikia marehemu kuhusu betri. Nawaomba wavumilie. Katika hayo mengine yote nilisema, nikapigiwa makofi, nikashuka nikiwa nimetua mzigo. Hili la betri limekataa kutuliwa. Nalianzia kwako kwa sababu mkono wako umo ndani yake, na kwa sababu nimeandika jambo ambalo, ungekuwa hai, lingekuumiza.

Unalikumbuka bati letu? Majirani waliezeka bati ili mvua isiingie. Wewe ulilifanya pia kuwa wodi. Betri za tochi ya baba na za redio yako, zile ambazo kwetu huitwa mawe, zilipoanza kufifia ulizipanga juu ya bati zipate jua, na wingu likijitokeza tu ulipaza sauti kutoka jikoni: "Kabula, nishushie wagonjwa wangu." Nilikwambia mara nyingi kwamba yamekufa. "Hayajafa hayo," ulinijibu, "yamechoka. Na wewe ukichoka nikutupe?" Jioni redio iliamka, taarifa ya habari ikaanza kwa sauti nzito, kisha msomaji akaanza kuzama katikati ya sentensi. Ulikuwa ukiitazama ile redio kama mgeni aliyeondoka bila kuaga.

Siku hizi najua kwamba joto la jua huharakisha kwa muda mmenyuko uliokuwa umezorota ndani ya betri, kisha huimaliza upesi zaidi. Ulikuwa sahihi, mama, mpaka katikati ya taarifa ya habari.

Yaliyokwisha kabisa hukuyatupa. Shule ilipokaribia kufunguliwa, mwalimu mkuu aliagiza kila mtoto alete mawe mabovu, kwa ajili ya kupaka ubao. Najua vijiji vingine hufanya hivyo: huvunja ganda, huchota weusi wa ndani, huuponda juu ya jiwe, huukoroga na maji ya majani ya viazi vitamu, hupaka. Lakini kwetu hakukuwa na kuponda juu ya jiwe. Kwetu kuna akina mama ambao riziki yao ni kutwanga mwamba wa dhahabu ndani ya vinu vya chuma mpaka ulainike kama unga wa sembe, kwa sababu punje ikibaki kubwa dhahabu hubaki imejificha ndani yake. Wewe ulikuwa hodari kati yao. Ukauchukua ujuzi ule ule, na vinu vile vile, ukavitia kwenye betri.

Nakuona. Umekaa chini, miguu umeinyoosha, kinu kati ya magoti, mchi wa chuma unapanda na kushuka bila papara. Unachekecha kwa kipande cha khanga iliyochakaa. Unachota kidogo kiganjani, unapuliza kuona kama unga unaruka sawasawa, na unaporuka uso wako wote unakuwa mweusi, yamebaki meno. Mama Masele, mdogo wako, alikuwa akikucheka: "Dada, leo mumeo atauliza mke wake kaenda wapi." Nawe ukamjibu, "Atajua kwa kelele zangu." Ubao wa shule yetu ulikuwa mweusi kuliko wa shule yoyote ya jirani. Mkaguzi alipokuja akauliza rangi ile imenunuliwa wapi, na mwalimu mkuu akanyoosha kidole kuelekea kwetu. Ulilisimulia jambo hilo msibani, harusini, kisimani. Hukuwahi kukaa darasani zaidi ya kujua kuandika jina lako, na bado kila mtoto wa kijiji kile alijifunza kusoma juu ya kazi ya mikono yako.

Kisha mikono ile ikaanza kutetemeka. Kwanza kikombe, halafu sindano, halafu hata kijiko. Hatua zako zikawa fupi, kama mtu anayepita palipo na utelezi. Uso uliokuwa ukicheka ukaganda; ulikuwa ukifurahi na sisi hatuoni. Zahanati ilisema presha. Shangazi alisema kuna mtu kakuroga. Baba alikushika tu kiwiko mkienda kuoga. Ulipoondoka, nilikuwa kidato cha sita, na hakuna aliyekuwa amekupima chochote zaidi ya hiyo presha.

Sasa nakueleza kilichotokea.

Mwaka huu, nikiwa chuoni nasomea ualimu wa kemia, nilimpigia simu Mama Masele kumjulia hali. Alipokea kwa kejeli yake ya kawaida. "Shikamoo, mheshimiwa mbunge."

"Mama mdogo, usinipe shikamoo, utanipunguzia umri wa kuishi."

"Nakuzoesha. Ukishapata hilo gari lenye bendera utanisahau." Kisha akanipa habari za kijiji: mvua, mahindi, duara jipya la kuchimba dhahabu lililofunguliwa na vijana, nani kaoa. Mwisho akasema kwamba Jumamosi wanatwanga mawe ya ubao. Yeye ndiye aliyerithi kinu chako. Wachimbaji walikuwa wamewaletea betri mbovu za tochi debe zima.

Nilikuwa nimetoka maabara wiki ile ile. Nilikuwa nimesoma juu ya ule weusi: ni dioksidi ya manganizi iliyochanganywa na kaboni, na vumbi la manganizi likivutwa kwa muda mrefu huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, mtu akatetemeka, akaganda uso, akatembea kwa hatua fupi. Nilipoisoma mistari ile nilikiona kiwiko chako mkononi mwa baba. Nikamwambia Mama Masele waache. Nikamwambia ni sumu.

"Sumu? Mbona mama yako alitwanga miaka yote ile na..."

Hakumaliza. Na mimi sikumsaidia kumaliza. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie mwalimu, mwanangu. Mimi ni mtwangaji tu."

Nilimpigia mwalimu mkuu, huyu mpya, kijana mwenye heshima zake. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wakubwa wengi hawanifanyii. "Kabula, sikukatalii," alisema. "Lakini kamati ya shule itaniuliza nimeyatoa wapi. Rangi ya dukani hatuna fungu lake. Nionyeshe palipoandikwa. Na iwe kwa lugha ambayo kamati inaisoma."

Dai la haki kabisa. Nikaingia mtandaoni nikiwa na uhakika kwamba kwa muda mfupi nitakuwa nimempelekea ukurasa. Ipo kamusi elezo huru, mama, kitabu kikubwa cha maarifa yote ambacho hakina karatasi na ambacho msomaji yeyote anaruhusiwa kukisahihisha. Nikatafuta neno betri. Kwa Kiingereza makala ilikuwa ndefu kama barabara ya Kahama. Kwa Kiswahili nilikuta mistari michache na picha. Mstari wa kwanza ulisema betri ni chombo cha kutunza umeme, na hata huo haukuwa sahihi, kwa maana betri haitunzi umeme. Inatunza nishati ya kikemia inayogeuka kuwa umeme pale njia inapounganishwa. Juu ya vumbi, hapakuwa na neno. Juu ya kuvunja ganda, hapakuwa na neno.

Nilikasirika, mama, kwa namna unayoijua. Nikajiuliza: ni nani anayeishi kwa betri kuliko sisi? Ni nani anayeshuka ardhini na tochi kichwani, anayesikiliza dunia kwa redio ya mawe, anayechaji simu kwa betri ya pikipiki? Ni ardhi ya nani inayochimbwa leo kutafutwa madini ya betri za magari ya kesho? Na ni lugha ya nani ambayo haijaandikiwa hata sentensi ya kumwambia mtu, usipulize unga huu? Nikaketi, nikaandika sehemu nzima mpya. Ilikuwa hotuba. Niliandika kwamba betri zinaua mama zetu na dunia imenyamaza. Nikaiweka hewani, nikahisi nimeshuka mezani.

Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa imeondolewa. Mhariri mmoja, mtu nisiyemjua anayetumia jina la kupanga, alikuwa ameandika kwenye ukurasa wa majadiliano: "Ndugu, karibu sana. Umesahihisha vizuri mstari wa kwanza, tumeuacha. Sehemu ya hatari haina rejeo. Tafadhali onyesha ilipoandikwa."

Onyesha ilipoandikwa. Neno kwa neno, kama mwalimu mkuu. Shule haitaacha mpaka kamusi iseme, na kamusi haitasema mpaka mtu mwingine awe amesema. Nilimjibu kwa hasira. Nilimwambia kwamba rejeo langu limezikwa Mwakitolyo, kwamba kudai karatasi kwa watu ambao hawajawahi kuandikwa ni kuwanyamazisha mara ya pili. Niliandika vizuri sana, mama. Ungekuwepo ungepiga vigelegele.

Akajibu: "Pole kwa msiba. Lakini huzuni si rejeo. Ukiandika kwamba betri inaua bila kuonyesha, kesho mtu mwingine ataandika kwamba betri inaponya, naye hataonyesha. Rejeo linaweza kuwa la lugha yoyote. Maktaba ya chuo chako ina nini?"

Nilimchukia mpaka jioni. Kesho yake nilikwenda maktaba.

Huko nilikuta vitabu vya magonjwa ya kazini, vimejaa wachimbaji wa manganizi na wafanyakazi wa viwandani wa nchi za mbali. Mitetemo ile, nyuso zile, hatua zile, zote zilikuwepo. Nilichokosa ni ubao. Hakuna kitabu hata kimoja katika kabati zile kilichomtaja mwanamke aliyekaa chini na kinu cha chuma, akitwanga betri ili watoto wa jirani wajue kusoma. Na kuna jambo jingine nililolikuta, ambalo sikulitafuta. Zebaki nayo husababisha mtetemo. Zebaki, mama, ile uliyoibana kwenye kitambaa na unga wa mwamba mpaka ikashika dhahabu, kisha ukaichoma kwenye kikaango huku umeinama juu yake. Ni mikono ile ile. Ni pumzi ile ile. Nilifunga kitabu nikabaki nimekishikilia. Tangu maabara nilikuwa na mshitakiwa mmoja. Sasa walikuwa wawili, na shahidi alikuwa ameshazikwa.

Ningeweza kusema uongo. Hakuna wa kunipinga. Ningeweza kuandika jina lako, maradhi yako, betri zako, na kuchora mstari ulionyooka kutoka kinu mpaka kaburi. Bwalo lingesimama. Badala yake niliandika nilichoweza kukionyesha, nacho ni kidogo: kwamba weusi ulio ndani ya betri kavu una dioksidi ya manganizi, kwamba vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu, kwamba kadiri linavyosagwa laini ndivyo linavyoingia ndani zaidi ya mapafu, kwamba betri haipaswi kuvunjwa, kutwangwa wala kuchomwa. Chini yake nikaweka jina la kitabu na ukurasa. Yule mhariri alipitia, akasahihisha koma, akaiacha ikae. Sentensi kavu kuliko zote nilizowahi kuandika.

Jumamosi nilikuwa kijijini. Nilitoka Shinyanga mjini alfajiri kwa pikipiki, na nilipofika uwanja wa shule vinu vilikuwa vimeshapangwa kivulini mwa darasa la pili. Debe la betri lilikuwa katikati. Akina mama walikuwa wanaimba. Mama Masele aliponiona akasimamisha wimbo.

"Mwangaluka, mheshimiwa," alinisalimu kwa Kisukuma. "Umekuja kutufunga au kutusaidia?"

"Shikamooni. Nimekuja kuwaomba msianze."

"Kashaanza huyo," alisema mmoja wao, "hata maji hajanywa." Wakacheka, nami nikaanza kweli. Nilizungumza juu ya haki ya mwanamke, juu ya pumzi kuwa mali, juu ya nchi inayochimbwa na watu wake wakabaki na vumbi. Walinisikiliza kwa adabu ile wanayomsikilizia mgombea. Nilipomaliza wakapiga makofi mafupi, na Mama Masele akavuta kinu chake karibu. "Umesema vizuri. Sasa sogea, unatukinga hewa."

Mwalimu mkuu akaja. Nikampa simu. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, kisha akasoma tena kwa sauti ili akina mama wasikie. Akaniuliza, "Nani kaandika hii?"

Sikuweza kumdanganya. "Mimi, mwalimu."

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. "Basi umejiandikia," alisema mwalimu, naye akicheka, lakini bila ubaya. "Kamati itasema Kabula kasema kwamba Kabula kasema."

"Angalia chini. Kuna kitabu."

"Cha Kiingereza. Nani kakisoma?"

"Mimi."

Walicheka tena, na safari hii nami nilicheka, kwa sababu ungekuwepo wewe ndiye ungecheka kuliko wote. Ila Mama Masele hakucheka. Alikuwa ameshika mchi lakini hajauinua. Aliniangalia kwa macho yako.

"Kabula. Soma tena pale pa mishipa."

Nikasoma. Akaniuliza, mbele ya wote, swali ambalo nilikuwa nimelikimbia tangu ile simu: "Kwa hiyo ndiyo yaliyomuua dada?"

Neno ndiyo lilikuwa mdomoni, mama. Lilikuwa limekaa pale tangu maabara. Lingemaliza kazi yote kwa pigo moja. Vinu vingeinuliwa, debe lingefukiwa, nami ningerudi chuoni nimeshinda. Nikawaona wale akina mama wakingoja, mikono yao mapajani.

"Sijui, mama mdogo," nilisema. "Hakuna aliyempima. Inaweza kuwa unga huu. Inaweza kuwa zebaki. Inaweza kuwa vyote. Ninachojua ni kwamba unga huu unaweza kufanya vile alivyofanywa. Zaidi ya hapo sijui."

"Tangu umeanza kuongea ukiwa mtoto," alisema, "sijawahi kukusikia ukisema hujui kitu." Kisha akakiinamisha kinu, akaugonga mchi ukingoni ukatoka mabaki ya mwamba wa jana, akamgeukia mwalimu. "Mimi sitwangi haya. Anayetaka atwange."

Hakuna aliyetwanga. Wengine walinuna, mmoja akasema amepoteza asubuhi ya kazi kwa ajili ya maneno ya simu, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Walitwanga mkaa badala yake, wakapaka. Ubao ulitoka wa kijivu, wenye mabaka, na chaki juu yake inasomeka kwa taabu. Mwalimu alisimama nyuma ya darasa, akakunja macho, akaniambia, "Watoto wa dawati la mwisho hawataona. Hilo nalo utaliandika?"

Kwa hiyo usidhani nakuandikia kwa ushindi. Nimeuharibu ubao wako, mama. Kile kitu kimoja ulichojivunia, ambacho mkaguzi alikisifu, nimekitungia sentensi ya kukikataza, na sentensi hiyo itasomwa na watu ambao hawatajua kamwe kwamba ulikuwa unatwanga kwa upendo. Sikukutaja. Kamusi hairuhusu, nami ningeona aibu kukutaja mahali ambapo siruhusiwi kusema ulivyocheka. Ndiyo maana naandika barua hii pembeni, iliyo wazi, isiyo na rejeo hata moja, ili palipo na katazo lile pawe pia na mtu.

Na sijatulia. Kila nikipita shule yoyote kati ya Runzewe na Shinyanga nachungulia dirishani kuangalia kama ubao ni mweusi mno. Kwenye ule ukurasa wa majadiliano nimeacha swali: je, kuna aliyewahi kuandika kuhusu akina mama wanaotwanga betri kwa ajili ya mbao za shule? Hakuna aliyejibu. Nimemwendea mhadhiri wangu nikamwambia nabadilisha mada ya tasnifu. Akaniuliza kuna maandiko gani yaliyotangulia juu ya suala hilo, na kwa mara ya kwanza swali hilo halikunikasirisha. Nilimwambia hakuna, ndiyo sababu. Nitaanza na Mama Masele, ambaye amekubali kupimwa damu kwa sharti kwamba nisimhutubie njiani. Baada yake wale wengine, mmoja mmoja, waliotwanga pamoja nawe. Wewe nimechelewa kukupima, na hakuna hasira yangu itakayofuta hilo. Lakini wao wako hai, na mikono ya wawili kati yao imeshaanza kumwaga chai.

Pumzika huko ulipo, mama. Mimi siwezi bado.

Kifungua mimba wako